Hapo Mkopeshaji ni Mimi au Wao?

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema watu wameridhiana pale wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile. Kanuni hiyo imo pia katika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika kabla hatujatunga yetu. Mimi naishika kama ilivyo: upande mmoja ukiwa haukuelewa maneno, sioni walikubaliana nini.

Hapa Misugusugu watu wanasaini kila siku: viwanja, vyumba, bodaboda, mikopo. Jirani yangu, mama fundi cherehani, aliniletea mkataba wake wa mkopo wa laki tano. Kurasa nne. "Mwanangu, wewe umesoma, hebu nisomee." Nikasoma: "Mkopaji anaridhia kwamba endapo atakiuka sharti lolote la mkataba huu, mkopeshaji atakuwa na haki ya kutwaa na kuuza rehani iliyoainishwa katika Jedwali pasipo kulazimika kutoa notisi."

Akauliza, "Hapo mkopeshaji ni mimi au wao?"

Swali la haki kabisa. Mkopaji na mkopeshaji wanatengwa na silabi moja. Mpangaji na mpangishaji vilevile. Mdai na mdaiwa ndiyo usiseme. Darasani huoni shida. Mbele ya meza ya ofisa mikopo, foleni ikikusukuma na ada ya mtoto ikisubiri, silabi hiyo inapotea. Nikamsomea upya kwa maneno yangu: "Ukikosea chochote, tutachukua cherehani chako na kukiuza bila kukwambia."

"Kumbe! Mbona hawakuandika hivyo?"

Wangeandika hivyo, nani angesaini? Hakurudi kwao. Fedha alizipata kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, ambako masharti yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini mkataba wa mama yule ulikuwa wa Kiswahili tangu neno la kwanza. Hapo hatuwezi kumsingizia Mwingereza.

Rafiki zangu wanasheria hunijibu kwamba lugha nyepesi inakosa usahihi. Waje wasome hati za kuuziana mashamba huku kwetu, zile za kuandikwa kwa mkono: kaskazini kapakana na fulani, mashariki barabara, kusini mwembe. Mjukuu akiisoma, anajua mpaka ulipo. Kisichoeleweka ni hilo "sharti lolote". Lipi? Kuchelewa siku moja? Kubadili namba ya simu?

Mwaka 1975 benki ya First National City Bank ya New York iliandika upya hati yake ya mkopo, mkopaji akaitwa "mimi" na benki ikaitwa "ninyi". Mwaka 1977 jimbo hilo likatunga sheria ya kutaka mikataba ya wateja wa kawaida iandikwe kwa maneno ya kila siku. Benki ile haikufa. Leo inaitwa Citibank.

Basi Bunge lililotupa Kiswahili lituongezee kifungu. Mkopo wa chini ya milioni moja, mkataba ukurasa mmoja. Mkopaji aitwe "mimi". Na kile watakachonichukua kiandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa kama za jina la kampuni.