Picha ya Wananchi Wakishangilia Si Kauli ya Wananchi

Ipo picha moja ambayo kila msimu wa ufuta na wa korosho haikosi kuonekana katika magazeti, katika mbao za matangazo na, siku hizi, katika simu za mkononi. Imepigwa mnadani, ama Nachingwea ama Ruangwa. Bei imetangazwa punde. Wakulima wamesimama chini ya mkorosho, mikono imeinuliwa, midomo i wazi, na mama mmoja wa mstari wa mbele kajiziba kinywa kwa pindo la kanga. Hapana aliyeambiwa atabasamu, wala aliyepangwa mahali pa kusimama. Chini yake pameandikwa maneno machache: wananchi wakifurahia bei.

Hatuna ugomvi na mpiga picha aliyekwenda kijijini badala ya kukaa ofisini mjini. Wala hatusemi kwamba mama yule hakufurahi. Tunachokipinga ni kazi ambayo picha hiyo hubebeshwa baada ya kupigwa. Hutolewa kana kwamba ni kura. Huwekwa katika taarifa ya utekelezaji, husomwa katika kikao, na kikao hufungwa kwa kuridhika kwamba wananchi wamekubali. Nani aliwauliza? Ni swali hilo ambalo watumishi wa umma hawana budi kulijibu.

Mkono ulioinuliwa mnadani una maana nyingi. Mkulima huinua mkono kukubali bei, huinua mkono kuikataa, na huinua mkono kuomba nafasi ya kusema. Kinywa kilicho wazi chaweza kuwa cha furaha, cha mshangao au cha kuzomea. Picha hunasa sehemu ndogo mno ya nukta moja, katika shughuli ya saa nyingi. Ondoa maneno yaliyo chini yake, nawe hutajua kama umati huo unashangilia au unakataa.

Tusizungumze hewani. Mwezi Oktoba 2018, wakulima wa korosho wa mikoa ya Kusini walizikataa bei za wanunuzi hadharani. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo. Safari hii zilitajwa bei za kati ya shilingi 1,900 na 2,700. Watu walisimama, wakapaza sauti, wakainua mikono. Tarehe 12 Novemba 2018, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzikusanya na kuzisafirisha. Hapo tena watu walisimama, wakapaza sauti, wakainua mikono. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa hasira na wa pili ulikuwa wa shangwe, lakini mgeni akipewa picha za mikutano yote miwili bila maelezo, je, ataweza kusema kwa yakini ipi ni ya hasira na ipi ni ya shangwe?

Tena, furaha ya Novemba ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa habari nzima. Baada ya tangazo ulifuata uhakiki wa wakulima na mashamba yao, kwa nia njema ya kuwazuia walanguzi wa kangomba wasilipwe jasho la wengine. Uhakiki ulichukua muda, na malipo ya wakulima wengi yaliendelea kusubiriwa hadi mwaka 2019. Kungoja hakuna sura ya kupendeza pichani. Mtu anayengoja fedha zake haruki wala hainui mikono. Hukaa barazani kwake akihesabu siku za ada ya shule. Ndiyo maana shangwe za siku moja zina picha tele, na miezi ya kungoja haina. Kiongozi anayeijua nchi kwa picha ataijua shangwe tu.

Kasoro hii haikuanza jana, na Nachingwea yenyewe ni shahidi. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulitumwa kutoka Uingereza kuangalia nchi zinazofaa kwa kilimo cha karanga. Ulizunguka kwa majuma machache, na sehemu kubwa ya ardhi ukaitazama kutoka katika ndege. Kutoka angani nchi ilionekana kuwa pori tupu. Mpango wa karanga ukaanzishwa mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka pwani ya Lindi hadi Nachingwea. Mpango ule ulitangazwa kwa maneno na kwa picha: mashine kubwa, msitu ukianguka, na Mwafrika akifundishwa usukani au akitazama kwa mshangao.

Mshangao ule ulifasiriwa na waliotaka kuufasiri. Ilidhaniwa kwamba mtu anayelikodolea macho trekta analistaajabia. Haikufikiriwa kwamba Mmwera anayetazama msitu wake ukiangushwa huenda anastaajabu kuona watu wazima wakifanya jambo hilo bila kumwuliza habari za udongo wala za mvua. Mwezi Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya paundi milioni 36 kupotea. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mkoloni alizipiga picha nyuso za watu, lakini kauli zao hakuzitaka, na gharama yake inajulikana.

Wapo watakaosema kwamba picha isiyopangwa ndiyo picha ya kweli kuliko zote, kwa kuwa mtu asiyejua kwamba anapigwa picha hawezi kuigiza. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Uso haudanganyi kuhusu nukta ile. Lakini uso hausemi sababu yake, nao hausemi lolote juu ya kesho. Aidha, hata kama mkulima hakupangwa, picha imepangwa. Mpiga picha ndiye aliyechagua asimame upande upi, amkaribie nani na amwache nani nje, na mhariri ndiye aliyechagua moja kati ya picha hamsini. Ikiwa waliofurahi walikuwa ishirini mbele na walionyamaza walikuwa mia mbili nyuma, picha ya ishirini si uongo, ila ni kipande cha ukweli kinachotumiwa kuuficha ukweli uliobaki. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala bei inayotangazwa mnadani siyo fedha inayomfikia mkulima. Kuna ushuru wa halmashauri, kuna sehemu ya chama cha msingi na ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI. Kuna gharama za ghala na za usafiri. Furaha ya bei hupigwa picha siku ya mnada. Hesabu ya makato hufanywa baadaye, nyumbani, usiku, pasipo mpiga picha. Ofisa anayetaka kujua kama wakulima wameridhika aende siku ile ya pili.

Basi lifanyike nini? Kwanza, kila picha ya wananchi inayotolewa na ofisi ya umma iandikwe mahali, tarehe na jambo lililokuwa likisemwa wakati ule. Neno "wananchi" pekee halitoshi. Huo ni wingi usio na uso. Pili, ofisa habari aliyempiga mtu picha amfuate, amwombe ridhaa, na amwulize alikuwa akisema nini. Jibu lake lichapwe chini ya picha, hata kama haliifurahishi ofisi. Tatu, picha isikubaliwe kamwe katika taarifa ya utekelezaji badala ya muhtasari wa mkutano. Muhtasari unaonyesha waliokubali, waliokataa na sababu zao, na unaweza kupingwa na yeyote aliyehudhuria. Picha haiwezi kupingwa, kwa sababu haikusema kitu.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto wa leo huona picha nyingi kwa siku moja kuliko alizoziona babu yake kwa mwaka, naye huziamini zote. Afundishwe kuisoma picha kama anavyofundishwa kusoma habari: nani kaipiga, kwa ajili ya nani, nini kimeachwa nje ya fremu, na maneno ya chini yametoka kinywani mwa nani. Somo hilo halihitaji fedha. Gazeti moja la zamani ukutani latosha.

Mkulima wa Nachingwea na Ruangwa si pambo la taarifa. Ana uso, na ana ulimi pia. Aliyeuona uso wake akaridhika hajamaliza kazi; amebakiwa na wajibu wa kuketi na kumsikiliza.