Hati ya Kiwanja Ina Masharti

Wapo wananchi wengi mijini wanaodhani kwamba mtu akishapata hati ya kiwanja chake, basi ana uhuru wa kukifanyia alitakalo: leo nyumba ya kuishi, kesho baa, keshokutwa gereji. Dhana hiyo haina msingi wowote katika sheria za Tanzania. Umilikaji wa ardhi usio na kikomo ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatamka wazi kuwa ardhi yote ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Anachopewa mwananchi ni haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa masharti.

Masharti hayo ndiyo yasiyosomwa. Hati hutaja kundi la matumizi kwa herufi tu, na mwenye kiwanja huishia kutazama jina lake na muhuri. Anayetaka kugeuza nyumba ya makazi kuwa nyumba ya wageni hana budi kuomba kibali cha kubadili matumizi, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Kibali cha ujenzi ni jambo jingine, wala stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi haihalalishi kilichokatazwa.

Sinza, Dar es Salaam, ni mfano wa kutosha. Viwanja vyake vilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma, ili watu wa kipato kidogo wapate makazi bora. Leo baa zimepakana ukuta kwa ukuta na vyumba wanamolala watoto wa shule. Faida ni ya mtu mmoja. Kelele ni za mtaa mzima.

Hata hivyo, kuwatwisha wananchi lawama peke yao ni kuwaonea. Kwa miaka mingi masharti ya hati yalichapwa kwa Kiingereza, kana kwamba hayakukusudiwa kueleweka. Ubaya zaidi ni tabia ya baadhi ya watendaji ya kuona msingi ukichimbwa wakanyamaza, kuta zikipanda wakanyamaza, kisha bati likishaezekwa ndipo wanapofika na rangi nyekundu kuchora alama ya X. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Lakini Desemba 2015 nyumba zilikuwa zikibomolewa tena katika bonde la Msimbazi. Nyumba hizo hazikuota usiku mmoja kama uyoga!

Anayetaka kununua kiwanja aende kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri, akiwa na namba ya kiwanja na kitalu, aulize matumizi yaliyopangwa. Afisa naye alazimike kumjibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, na jina lake likiwa chini ya jibu hilo, ili siku ya kuchorwa X ijulikane nani aliulizwa na alisema nini.