Megawati Tunazo, Macho Je?

Wanachuo wenzangu, tuambizane ukweli. Ule wimbo wa "nchi haina umeme wa kutosha" umeanza kuchuja. Mgao wa mwishoni mwa 2023 tunaukumbuka wote. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, ukaingizwa kwenye gridi ya taifa. Bwawa lile limejengewa mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Si mchezo. Lakini nenda saa 2 usiku kwenye mitaa tunayopanga: taa imefifia, feni inazunguka kivivu, na mwenye mtihani kesho anasoma kwa tochi ya simu. Rufiji umeme upo, kwenye soketi yako ni wa kubahatisha.

Ninavyoona mimi, tatizo limehama kutoka kwenye kuzalisha umeme kwenda kwenye kuusambaza, na mtandao wetu wa usambazaji hauna macho. Kwenye kituo cha kupoza umeme mafundi wanaona mzigo wa kila laini. Laini ikishatoka hapo na msongo wa kilovoti 33 au 11 kwenda mitaani, kwa sehemu kubwa hakuna anayeona kitu. Transfoma ikizidiwa, taarifa ya kwanza ni simu ya mteja, na mara nyingi anapiga ikiwa imeshaungua.

Sasa hapo ndipo tunataka kumwaga sola. Naziunga mkono, jua tunalo. Ila tuelewe kinachotokea. Mtandao huu ulichorwa kwa umeme wa kwenda upande mmoja, kutoka kituoni hadi kwa mteja. Fundi akijua nyumba za mwisho wa laini hupata umeme mdogo jioni, huiweka transfoma itoe volti za juu kidogo. Jioni inasaidia. Weka sola nyingi kwenye mapaa ya mtaa uleule: saa 7 mchana watu wako kazini, jua linawaka, umeme unarudi nyuma kuelekea kwenye transfoma na volti zinapanda kupita kiasi. Inveta zinajizima kujilinda, na jua la bure linapotea. Jioni watu wanarudi kupika na kupiga pasi, sola imelala, na tuko palepale.

Dawa ni kupanga na kuongoza. Kupanga maana yake ujue mzigo wa kila transfoma saa kwa saa, ndipo uamue wapi ubadilishe waya, wapi uweke betri, wapi sola zinatosha. Kuongoza maana yake inveta iagizwe kushikilia volti badala ya kujizima, na hita ya maji isubiri saa moja wakati watu wanapika.

Wajerumani walijifunza kwa gharama. Inveta zao za mwanzo ziliwekwa zijizime zote kwa pamoja masafa ya gridi yakifika hezi 50.2. Sola zilipokuwa chache haikuwa shida. Zilipokuwa nyingi, wakagundua kwamba siku moja zingeweza kuzimika kwa mkupuo na kuiangusha gridi nzima. Kanuni ikatoka 2012, na mitambo zaidi ya laki tatu ikabidi irekebishwe. Sisi bado tuna sola chache. Kupanga sasa hivi ni rahisi kuliko kuja kukarabati.

Mtu atasema, mbona LUKU tunayo? LUKU ilitatua tatizo la madeni, na inastahili sifa yake. Lakini kumbuka 2024. Tokeni zilikuwa zikihesabu dakika tangu 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafika mwisho tarehe 24 Novemba. Kila mteja ikabidi aingize mwenyewe tarakimu za kuboresha mita, tena mistari mirefu. Kwa nini? Kwa sababu mita nyingi hazina mawasiliano na ofisi. Zinajua umelipa kiasi gani. Hazimwambii mtu kwamba volti zako zimeshuka.

Wapo wanaoziogopa mita janja, na hofu yao si ya kubeza: nani ataamua nani akatwe? Leo mzigo ukizidi inazimwa laini nzima, wodi ya wazazi, saluni na hosteli kwa pamoja. Mtandao wenye akili unaweza kuchagua, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa suala la haki. Orodha ya nani anaanza kupunguziwa iandikwe na itangazwe, isibaki ndani ya programu ya kompyuta. Tena mita inayosoma kila dakika 15 inajua lini haupo nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, wenzetu wa sheria waifanyie kazi hapa.

Basi niseme na serikali yetu ya wanafunzi. Mkienda kwenye vikao vya utawala msiishie kuomba paneli za kupigia picha. Ombeni kila transfoma ya chuo ifungwe kipimo cha mzigo na volti, kirekodi kila dakika 15 kwa mwaka mzima, na takwimu ziwe wazi kwa mwanafunzi yeyote. Kila mwaka watu wa uhandisi wanaandika miradi kwa takwimu za gridi za nchi za mbali, wakati transfoma ya nyuma ya bweni inaunguruma bila kupimwa. Wapeni hizo takwimu. Mwaka ukiisha tutajua paneli ngapi, paa lipi na betri ya ukubwa gani, na chuo kitanunua kinachohitajika.