Tairi Sio Raba za Kupigia Picha

Wasee, kuna meseji iliniingia wiki tatu zilizopita na bado inanikosesha usingizi. Ni ya kijana wa miaka 19. Mama yake ana Forester ya zamani, anabebea mboga kutoka Limuru hadi Marikiti kila alfajiri. Kijana aliona ile video yangu ya mwaka juzi, ile nimesimama kwa parking nikipiga tairi ya matope teke na kusema, "Hizi ndizo tairi, hizo zingine ni za watoto." Akaniamini. Akatoa akiba yake akamnunulia mama tairi mbili. Mbili, kwa sababu pesa haikufika nne. Zikafungwa mbele, nyuma zikabaki zile kipara.

Baada ya miezi kadhaa gari ikaanza kulia na kukaza kila ikikata kona. Fundi akasema difu ya katikati imekwisha. Mama akakaa karibu mwezi mzima bila kuingia soko na gari yake.

Video nimeifuta. Lakini kufuta video hakurudishi difu ya mtu, kwa hivyo leo naongea, na nikikuudhi utanisamehe.

Sisi vijana wa Nairobi tunanunua tairi kama raba. Tunaangalia ikoje kwa picha. Meno makubwa, maandishi meupe ubavuni, gari imeinuliwa kidogo, basi msee anajiona yuko Rhino Charge, na kumbe safari yake ndefu ya wiki ni Rongai hadi Westlands na kurudi. Na sisi wa kontenti ndio wabaya zaidi. Tunapewa tairi Jumatatu, Jumanne tumeshaisifu, na haijakanyaga hata tope la mtaro.

Hebu nianze na hiyo Forester, maana wengi wenu mna Subaru au mnaiota. Gari inayosukuma magurudumu yote manne wakati wote inataka tairi nne zenye kimo kimoja. Tairi mpya ni kubwa kuliko iliyolika, hata kama namba za saizi ni zilezile. Kubwa huzunguka mara chache, ndogo mara nyingi, katika umbali uleule. Sasa kuna kitu katikati ya gari ambacho kazi yake ni kupatanisha mbele na nyuma. Ukikikalisha kikipatanisha hao wawili kila mita, kila siku, kutoka Limuru mpaka Marikiti, kinachemka mpaka kinakufa. Afadhali tairi nne za kawaida zinazofanana kuliko mbili za kutisha na mbili kipara. Hilo hakuna aliyemwambia huyo kijana. Mimi nilikuwa na dakika tatu nzima za kumwambia, nikazitumia kupiga tairi teke.

Sasa tuje kwa hiyo tairi ya matope yenyewe, iliyoandikwa M/T. Si tairi mbaya. Ni kifaa cha kazi. Meno yake yameachana ili tope lirushwe nje yasizibe. Lakini nafasi hiyohiyo kati ya meno ni mpira ambao haugusi barabara. Kwa lami kavu utasikia kelele, utanunua mafuta zaidi, na itaisha haraka. Kwa lami yenye mvua ndipo kuna shida: ukikanyaga breki inachelewa kushika. Thika Road mwezi wa Aprili, mvua ya saa kumi na mbili jioni, mbele yako kuna nduthi imebeba mama na mtoto. Hapo ndipo mnaniambia "gari ni yangu, pesa ni yangu." Gari ni yako, sawa. Yule wa nduthi ni wa nani?

Mtu anayeishi mwisho wa barabara ya udongo mweusi, ule unaoshika gari kama gundi mvua ikinyesha, anazihitaji, na sina neno naye. Wewe nunua A/T, zile za lami na vumbi. Meno yake yamekaribiana, zinavumilia changarawe na mawe, na bado zinashika lami.

Najua kuna mmoja ashaanza kuandika komenti: "Huyu hajatoka Nairobi, atajua nini?" Nimetoka, buda. Na nikaaibika huko.

Tulikuwa wanne, na Prado ya mjomba wa rafiki yangu, tunaenda Loiyangalani kupiga video za Ziwa Turkana. Tulinunua tairi za matope za mtumba, nne kwa elfu 48, meno kama mapya kabisa. Muuzaji akasema, "Hizi zilikuwa za mzungu, hajazitumia." Kweli, hakuzitumia. Zilikuwa na umri wa miaka 11.

Toka Nairobi hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 500 za lami. Watu husahau hilo. Hata safari ya jangwani, sehemu kubwa ni lami, kwa hivyo tulienda tukinguruma kama posho mill njia nzima. Ukipita Marsabit kwenda Bubisa bado ni lami. Halafu unaiacha kuelekea Maikona, na mawe meusi ya volkano yanaanza. Yale mawe hayana huruma. Tairi ya kwanza ilichanika ubavuni. Sio pancha, ilichanika, ungeingiza mkono. Ubavu hauzibwi kama pancha ya msumari. Tukatoa spea, nayo ni nzee kuliko hizo zingine. Haikumaliza saa moja.

Tulikaa kwa jua hadi alasiri. Ikaja Land Cruiser pikapu, watu na mbuzi juu. Dereva, mzee wa ndevu nyekundu za hina, akashuka polepole, akachutama, akapitisha kidole kwenye nyufa za tairi yetu. Akauliza, "Kijana, hii tairi nani mkubwa, yeye ama wewe?" Watu wote juu ya gari wakacheka. Mbuzi tu ndio hawakucheka.

Halafu nikaangalia tairi zake. Wasee, zilikuwa nyembamba. 7.50R16, ndefu na nyembamba, na rimu za chuma zisizo na rangi. Ukiipiga picha hupati laiki kumi. Na huyo mzee anapita hayo mawe kila wiki na mzigo. Nikamuuliza kwa nini asiweke pana. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo saizi iliyojaa kule kote: ikiharibika Kalacha unaipata, North Horr unaipata, na ndani kuna tyubu, kwa hivyo anaivua kwa vyuma viwili kando ya njia, anaziba, anajaza upepo, anaenda. Saizi yetu sisi, 265/65R17, tuliitiwa Marsabit. Ilitufikia kesho yake kwa lori, na bei siitaji hapa kwa sababu mjomba wa rafiki yangu husoma hizi posti.

Siku hiyo ndipo nilielewa tairi ngumu ni nini. Ni ile inayobeba mzigo wako, haijazeeka, na unaweza kuipata au kuitengeneza mahali itakapokufia. Yote matatu. Sura haimo.

Na mambo haya yameandikwa ubavuni, ni vile tu hatusomi. Tafuta neno DOT, fuata hadi namba nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Basi. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, unakauka, unapasuka ndani kabla ya nje. Watengenezaji wengi wanashauri tairi ikishatumika miaka 5 iwe inakaguliwa kila mwaka, na ikifika miaka 10 itolewe hata kama ina meno. Serikali hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka 8 kuingizwa nchini, halafu wewe unalivisha tairi ya miaka 11 na unapost.

Baada ya saizi kuna namba na herufi, kama 112S. Hiyo 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Za matope nyingi ni Q, 160. Ukiona LT mbele ya saizi, hiyo imejengwa kubeba zaidi. LT265/65R17 nyingi ni 120, yaani kilo 1,400. Lakini usikimbilie hiyo pia kwa sababu ni "ngumu." Ni nzito, inataka upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule, na kwa RAV4 tupu itakurusha kama mkokoteni. Muuzaji akikuambia "hii ni 10 ply, ina matabaka kumi," mwambie akate moja mhesabu pamoja. Siku hizi 10 ni kipimo cha nguvu, sio hesabu ya matabaka. Na akikuonyesha kale kamlima kenye theluji ubavuni kama sababu ya kuongeza bei, muulize theluji ni ya wapi, Kiambu?

Kuongeza saizi nako. Kutoka 265/65R17 hadi 285/70R17, tairi inakua kwa kimo karibu asilimia 7. Saa ya mwendo ikikuonyesha 100, wewe uko 107. Breki ni zilezile na sasa zinasimamisha gurudumu zito zaidi. Lakini eti gari imekaa poa.

Kitu kinachoniuma zaidi ni upepo, kwa sababu karibu ni bure. Watu wanatoa laki kwa tairi na hawana kipimo cha upepo ndani ya gari. Kwa mchanga wa Chalbi, punguza hadi kama 18 PSI, tairi inalala na kuacha kuchimba, na usikimbie. Ukirudi kwa lami rudisha upepo hapohapo, maana tairi laini kwa mwendo kasi huchemka na kupasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwa gari itakuokoa kuliko hayo maandishi meupe.

Zamani angalau Yana zilitengenezwa hapahapa Nairobi, mpaka Sameer Africa ikafunga kiwanda 2016. Leo tairi zinakuja kwa meli, na stoo zingine zinakaa sana. Kwa hivyo macho ni yako.

Huyo kijana wa Limuru nimemjibu jana, hatimaye. Nimemwambia nilikosea, na ile set ya matope niliyopewa bure kwa ile video naiuza, pesa ziende kwa tairi nne za kawaida za Forester ya mama yake. Difu siwezi yote, lakini tunaongea.

Na wiki hii muuzaji mwingine amenipigia. Ana set ya bure, anataka video tu ya sekunde 30. Nikamwomba anitumie kwanza picha ya zile namba nne za mwisho. Ameona meseji, tiki zimegeuka bluu. Bado nangoja.