Mwisho wa Muovu Katika Picha za Sinema



Mwezi huu twapenda kunena na wazazi na vijana juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni mchezo tu. Jioni, katika vibanda vya video vya Ujiji na Mwanga, na majumbani mwetu pia, watoto hukaa mbele ya picha zenye vyombo viendavyo nyotani, watu wa chuma, na wataalamu waliojaa kiburi. Picha za namna hii huitwa bunilizi za kisayansi, yaani hadithi zilizotungwa juu ya elimu na mitambo ambayo bado haijakuwapo. Ndani yake aghalabu yumo muovu mmoja, na kila atazamaye hungoja kuona atakwishaje. Basi na tuutazame mwisho huo kwa makini, kwa maana dakika kumi za mwisho ndizo mtoto aendazo nazo kitandani.

Namna ya kwanza ni muovu kuangamizwa na elimu yake mwenyewe. Katika picha ya mwaka 1933 iitwayo The Invisible Man, mtaalamu Griffin agundua dawa ya kumfanya mtu asionekane. Dawa ile yampa uwezo, lakini yamwondolea akili, naye aua watu wengi. Mwishowe theluji yaanguka. Mwili wake hauonekani, lakini nyayo zake zaonekana wazi, na askari wampiga risasi kwa kuzifuata. Akiisha kufa, uso wake warejea kuonekana kidogo kidogo. Hapo pana fundisho jema: mtu aweza kuuficha uso wake, lakini hawezi kuzificha nyayo za matendo yake.

Namna ya pili, nayo ndiyo iliyoenea zaidi, ni kuanguka, kuungua au kulipuka. Katika Terminator 2 ya mwaka 1991, muovu ni mtambo wa madini yenye kutiririka kama zebaki. Apigwa risasi na kupasuliwa, lakini kila mara hujiunga tena, hata aanguke katika birika la chuma kilichoyeyushwa. Watazamaji hushangilia, wala hakuna amwoneaye huruma, kwa kuwa hakuwa na roho. Lakini hapo yapasa mzazi awe macho. Mtoto aliyezoea kuona adui asiye na roho huenda siku moja akamtazama jirani aliyekosana naye kwa jicho lile lile.

Tena mwisho wa namna hii mara nyingi si mwisho. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, Mfalme mdhalimu atupwa katika shimo refu, na watu wakaamini kuwa amekwisha. Mwaka 2019, katika The Rise of Skywalker, alirudishwa tena. Muovu wa sinema hafi kabisa maadamu watu wangali wakinunua tiketi.

Namna ya tatu ni adimu, nayo ni bora: muovu kugeuka. Aliyemtupa mdhalimu yule shimoni alikuwa mtumishi wake mkubwa, Darth Vader, mwenye kuficha uso wake kwa barakoa nyeusi. Alipomwona mwanawe akiteswa, alimwinua bwana wake akamtosa, naye akapata madhara yaliyomwua. Kabla ya kufa alitaka avuliwe barakoa ili amtazame mwanawe kwa macho yake mwenyewe. Kijana wa madrasa huenda akauliza: Je, Firauni naye hakukiri alipokuwa akizama, kama tulivyosoma katika Suratu Yunus, wala haikumfaa? Swali hilo ni zuri. Firauni alikiri alipokwisha zingirwa na maji, wala hakuwa na njia nyingine. Yule wa sinema aligeuka angali aweza kubaki upande wa wenye nguvu, na kugeuka kwake kulimgharimu maisha. Hukumu ya nyoyo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, lakini tofauti ya wakati hata mtoto aweza kuifahamu.

Sasa twaja kwenye picha inayotugusa sisi wa Ujiji zaidi. Katika Black Panther ya mwaka 2018, muovu ni kijana Killmonger. Baba yake aliuawa na mfalme wa Wakanda, ambaye ni nduguye baba huyo, na mtoto akaachwa yatima Marekani, mjini Oakland. Alipokua alirudi na kisasi cha kutaka kuichoma dunia. Mwishoni achomwa kisu, na binamu yake T'Challa ataka kumtibu. Akataa, asema afadhali azikwe baharini pamoja na wazee wake waliojitosa kutoka merikebuni wasiwe watumwa. Kisha atazama jua likichwa, akafa. Lakini hadithi haikomi hapo. T'Challa alinunua jengo lile la Oakland ambamo baba wa kijana aliuawa, akalifanya nyumba ya kuwasaidia watu. Alitambua kwamba muovu yule alizaliwa na dhuluma ya nyumba yake mwenyewe.

Maneno yale ya utumwa hayawezi kupita Ujiji kama upepo. Hapa ndipo misafara iliyotoka Bagamoyo na pwani ilipofika ziwani, na hapa ndipo watu waliovushwa kutoka Kongo walipopitishwa wamefungwa. Miongoni mwa wenye misafara walikuwamo watu wa dini yetu, wala haifai kuwaficha watoto jambo hilo. Je, uovu ule ulikwisha kwa mlipuko? La. Tippu Tip, aliye mashuhuri kuliko wote, alifariki mjini Unguja mwaka 1905, mzee aliyekwisha staafu. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873, na sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilipatikana mwaka 1922. Kati ya mkataba na sheria ipo miaka 49. Uovu wa kweli haukomi kwa kufa mtu mmoja. Huondolewa kwa kazi ndefu ya watu wengi, na hesabu ya kila mmoja yangoja Siku ya Malipo.

Ama kuhusu kugeuka, Kigoma ina ushahidi wake. Katika The African Queen ya mwaka 1951, ambayo si bunilizi ya kisayansi lakini yammaliza adui kwa desturi ile ile, manowari ya Kijerumani yalipuka na kuzama ziwani, na hadithi yakoma. Katika ziwa letu ilikuwako manowari ya kweli, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Chombo kile cha vita kikabeba abiria, dagaa na mahindi kwa miongo mingi. Mwaka 1997 kilirudisha maelfu ya wakimbizi Kongo, na mwaka 2015 kiliwachukua Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Lau kisa chake kingekoma kwa kuzama, kama katika sinema, watu hao wangelivuka kwa chombo gani?

Basi, enyi wazazi, picha ikiisha msiinuke mara moja. Waulizeni watoto mambo matatu: Muovu huyu alipata kuwa hivi kwa sababu gani? Je, alipewa nafasi ya kugeuka, naye akaipokea au akaikataa? Na wale aliowadhulumu, nani aliwarudishia haki yao? Picha iwezayo kujibu maswali hayo ina faida. Ile isiyoweza, nyinyi na watoto wenu mtaikamilisha kwa mazungumzo, nayo itakuwa darasa njema kabla ya kulala.