KIJANA WA DAR, PANDA PUGU UKAONE MSIMBAZI UNAPOZALIWA

Ndugu yangu kijana wa Manzese, Buguruni, Kigogo na Vingunguti, kabla hujakimbilia ukurasa wa michezo hebu jibu swali moja. Mto Msimbazi unaanzia wapi?

Usiniambie Jangwani. Jangwani ndiko unakotumalizia watu. Kuanza, unaanzia kwenye vilima vya Pugu huko Kisarawe, katika msitu ambao wengi wetu tumezaliwa na kuota ndevu katika jiji hili bila kuukanyaga hata siku moja.

Na sababu ya kutoukanyaga siyo nauli. Sababu ni kwamba tumezoeshwa kuamini kuwa hifadhi ni ya Mzungu. Ukitajiwa hifadhi, picha inayokujia ni Serengeti, gari lililofunguka juu, kofia pana na dola. Wakubwa wetu wakizungumzia utalii nao wanahesabu wageni waliotua uwanja wa ndege. Wewe mlalahoi hesabu yako haimo. Kazi yako ni kuambiwa kila masika kwamba unaharibu mazingira.

Mimi nasema Jumamosi moja acha kijiwe, nenda. Panda daladala mpaka Gongo la Mboto, pale chukua ya Kisarawe, uiteremkie kwenye hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Ni mwendo wa kama kilometa 25 hadi 30 kutoka katikati ya jiji. Ondoka alfajiri, kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vilivyofungwa, siyo kandambili. Beba maji ya kutosha na kitu cha kutafuna. Lipa kiingilio cha mwananchi na udai stakabadhi, kwa sababu fedha hiyo ni ya umma na wewe ndiye umma. Kisha chukua mwongozo anayezijua njia, maana kupotea porini siyo ushujaa.

Vilima vyenyewe havitishi, havifiki hata mita 400. Lakini kwa kijana aliyezoea ngazi za Kariakoo, jasho litamtoka. Utapita chini ya miti ya msitu wa pwani, aina ya msitu ambayo imebaki vipande vipande tu katika nchi hii. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama mwenye uzito wa gramu 60 hivi, anayepatikana Tanzania peke yake katika misitu michache inayohesabika. Mchana hutamwona, yeye ni wa usiku. Utaona mashimo makubwa yaliyochimbwa udongo mweupe wa kaolini, ambayo sasa yamekuwa makao ya popo. Ukifika juu, pumzika na ugeuke kutazama ulikotoka.

Halafu fungua macho utazame na yale ambayo hayamo kwenye matangazo ya utalii. Tazama visiki. Tazama sehemu ambazo msitu umekuwa kichaka. Hifadhi hii ina hekta zipatazo 7,000 kwenye karatasi, lakini kwa miaka mingi imemegwa kwa mkaa, kwa mashamba na kwa viwanja. Jiji linakuja linapanda kilima, na msitu unarudi nyuma.

Nani anaula? Watakuonyesha yule kijana wa baiskeli mwenye magunia mawili. Huyo ndiye anayekamatwa, ndiye anayenyang'anywa baiskeli. Lakini mkaa wake unakwenda wapi? Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Dar es Salaam peke yake inatumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Chipsi mayai unayokula usiku, chai ya mama ntilie, ugali wa nyumbani kwenu, vyote vinapikwa kwa mti wa mahali fulani. Mwenye baiskeli ni mkono tu. Tumbo ni jiji zima, na wenye jukumu la kulipatia tumbo hilo nishati nyingine wamekaa ofisini.

Wakubwa hawakukosa maneno. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Lengo zuri, hatulipingi. Lakini mama wa Tandale hanunui gesi kwa mkakati. Ananunua mkaa wa kopo kwa sababu mfukoni ana hela ya kopo. Siku hela ya kopo itakapotosha kupata gesi ya siku moja, mkaa utakufa wenyewe bila mgambo.

Sasa unganisha mambo mawili haya, msitu na mafuriko. Mvua ikinyesha juu ya msitu, majani yanaipokea, udongo unainywa, na maji yanateremka taratibu. Ikinyesha juu ya kilima kilicho uchi, inashuka yote kwa pamoja na mchanga wake. Mchanga huo unajaza mto, na mto uliojaa unaingia vyumbani kwa watu. Siyo msitu peke yake, kuna ujenzi na takataka vilevile. Lakini huko juu ndiko safari inakoanzia.

Desemba 2011 mafuriko ya jiji hili yaliua makumi ya watu, na waliobaki bila makazi wakapelekwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 hadi mwanzoni mwa 2016 nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa alama nyekundu ya X na tingatinga likafuata. Jangwani barabara ikafungwa mara ngapi? Hata kituo cha mabasi ya mwendokasi kikajengwa palepale kwenye maji, kikafurika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo. Deni hilo utalilipa wewe na wanao. Basi una haki ya kuuliza: katika fedha zote hizo, ni kiasi gani kimepanda Pugu kulinda chanzo? Mipaka ya msitu imewekewa alama gani, na ramani yake mwananchi anaipata wapi?

Maswali hayo hayaulizwi na mtu ambaye hajafika. Ndiyo maana nakusukuma uende. Majirani zetu Wakenya wametufundisha. Msitu wa Karura ulioko Nairobi ulikuwa ukigawiwa wajenzi katika miaka ya 1990. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche, na Januari 1999 walipigwa mpaka damu. Hawakurudi nyuma, wanafunzi wakaingia mitaani, na ugawaji ukakwama. Leo Karura imejaa watembeaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Anayetaka kumega kipande pale, lazima awapite watu hao kwanza. Pugu wetu nani atapitwa? Popo?

Wala usidhani vilima hivi ni vigeni kwa siasa. Pugu ndiko alikokuwa akifundisha Mwalimu Julius Nyerere, katika shule ya Mtakatifu Francis, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili aongoze TANU. Aliteremka kutoka huko kuja mjini kudai nchi. Sisi tupande kutoka mjini kwenda kudai chanzo cha maji yetu. Hilo halihitaji kadi ya chama chochote.

Nendeni watano, nendeni kumi. Mkirudi, kaeni tena kijiweni na msimulie mlichokiona, kizuri na kibaya. Na diwani au mbunge akija kuomba kura, kabla ya kupokea fulana, mwulizeni lini mara ya mwisho aliukanyaga msitu wa Pugu kwa miguu yake.