Si kila mla bata ni paka mwitu

Kila mwaka, ninapofikia sehemu ya semantiki inayohusu jinsi lugha inavyoainisha viumbe, huwataka wanafunzi wangu wanitajie wanyama wadogo walao nyama waliopata kuwaona karibu na kwao. Aghalabu vijana hawa wametoka Molo, Bahati, Rongai, Subukia au Gilgil, sehemu ambazo hazijakosa vichaka wala mito. Jibu huwa ni moja: paka mwitu. Kanu ni paka mwitu, fungo ni paka mwitu, mondo ni paka mwitu. Hata nguchiro, ambaye si paka hata kidogo, hutumbukizwa katika kapu hilo hilo. Nikiwauliza majina katika lugha zao za kwanza, wawili watatu hukumbuka. Waliosalia huahidi kumuuliza nyanya.

Kwa muda mrefu niliuona upungufu huu kuwa wa kiisimu tu, jambo la kusikitikiwa na wapenda kamusi. Bata ndio walionifunza vingine.

Nyumbani kwangu, nje kidogo ya Njoro, nilianza kufuga bata sita wa aina ile yenye nyama nyekundu usoni. Mmoja akataga, akaatamia siku 35 kama ilivyo desturi ya jamii yake, akatoa vifaranga 11. Asubuhi moja tulikuta wanne. Kesho yake alisalia mmoja, na kando yake mzoga wa mwenzake ulioliwa kichwa na shingo. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu, alitazama akatoa hukumu papo hapo: paka mwitu, na dawa yake ni sumu. Mzoga ule ndio uliotiwa sumu. Nakiri kwamba ni mimi niliyempa.

Baada ya siku mbili tulimzika mbwa wa nyumba ya tatu, ambaye watoto wa mtaa mzima walimjua kwa jina. Kando ya ua alikuwa amelala shakivale, ndege yule wa jamii ya mwewe mwenye kifua cheupe na mkia mwekundu, mbawa zake zimetanda nyasini. Usiku uliofuata kifaranga wa mwisho akatoweka. Mwenzangu wa taaluma ya elimu ya wanyama alipokuja, hakuchukua hata dakika kumi. Alionyesha alama za kucha zilizopanda ukutani hadi kwenye mwanya baina ya ukuta na bati, mwanya usiozidi upana wa kiganja. Huyo alikuwa kanu, ambaye hupanda kama kindi na kupenya penye kupitisha kichwa chake. Tulikuwa tumemwacha mwizi na mlango wake wazi, tukaua mbwa na ndege.

Na ndege yule hakuwa adui. Chakula kikubwa cha shakivale katika nyanda zetu hizi ni panya na fuko, fuko yule yule anayewaliza wakulima wa viazi kutoka Mau Narok hadi Molo. Anayemuua shakivale mmoja amewapa fuko wengi likizo. Lakini kwa kuwa huitwa mwewe, na mwewe ameshahukumiwa katika hadithi zote tulizosimuliwa, hapati hata nafasi ya kujitetea. Siwatakasi mwewe wote. Yupo yule mwenye mdomo wa manjano na mkia wenye panda, ambaye hunyakua vifaranga mchana kweupe. Ila huyo ni ndege mwingine.

Mambo ya sumu yametugharimu sana nchini. Furadan, dawa iliyokusudiwa kuua wadudu shambani, ilitumiwa na wafugaji kuulia simba, na tai waliokula mizoga wakafa pamoja nao, hata mwaka 2009 watengenezaji wake wa Marekani wakaamua kuirudisha kutoka soko la Kenya. Watu walifikiri hayo ni mambo ya Amboseli na Mara. Yako pia nyuma ya jiko, katika yai moja lililodungwa sindano.

Mwenye bata ana sababu ya kuwa na hasira, nami sitaki kumhubiria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamruhusu aliyeuliwa ng'ombe na simba au chui kudai fidia, ingawa fidia yenyewe hukawia. Aliyeuliwa bata na kanu hana pa kwenda. Kwa mama anayetegemea mayai na vifaranga kupata pesa za daftari na sare, bata sita ni mali. Isitoshe, mipaka imesogea. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda katika muongo wa 2010, yalifunika lango kuu la zamani la mbuga na kuwahamisha watu wa Mwariki na Barut, na wanyama wadogo nao wakahama. Ua wa mbuga ulijengwa kuzuia faru wasitoke. Nguchiro hupita chini yake bila kuinama.

Basi kinga ya bata ni banda lake, na banda huanza kwa kumjua mgeni. Ukikuta bata wengi wameuawa, wametawanywa na hawakuliwa, shuku mbwa wa mtaani kabla ya mnyama yeyote wa porini. Ukikuta ubao umeng'olewa au shimo limechimbwa chini ya ukuta, mfikirie nyegere. Mayai yaliyovunjwa mchana ni kazi ya nguchiro. Vifaranga wanaopungua mmoja mmoja usiku, na tundu jembamba pembeni, ni panya. Bata mzima aliyechukuliwa magharibi karibu na majani marefu huenda ni mondo. Na penye bata wote kutoweka bila unyoya hata mmoja kuanguka, mwizi ana miguu miwili na labda mfuko wa gunia.

Bata si kuku, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Kuku jua likitua hurudi mwenyewe na kupanda juu. Bata wengi hulala chini, tena popote giza litakapowakuta, hivyo sharti waswagwe bandani kabla ya magharibi. Wao hutaga usiku au alfajiri, kwa hiyo kuwafungia hadi saa tatu asubuhi hakuwadhuru, na mayai hubaki ndani badala ya kuwa karamu ya nguchiro. Seng'enge ya kawaida ya kuku humzuia bata asitoke, lakini haimzuii mbwa asiingie, kwani huichana kwa meno, na panya hupita katika matundu yake. Unahitajika wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, angalau kwenye madirisha na sehemu ya chini, uliozikwa futi moja ardhini au kulazwa nje chini ya udongo na mawe ili mchimbaji agote. Mwanya wa bati uzibwe. Mlango uwe na komeo na kipini cha kulizuia. Ni kweli wavu huo ni ghali kuliko sumu, na ndiyo sababu sumu inanunuliwa.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa mwaka 2019, kilimo kinasisitizwa kwa vitendo, na mwaka 2021 serikali ilifufua vyama vya 4K, ambavyo wenye umri wangu tunavikumbuka kwa wimbo na majembe. Shule nyingi zimepata kuku, sungura na hata bata. Chache zimepata banda linalostahimili usiku. Ningependa kuona fedha za vifaranga zikipunguzwa nusu na nusu hiyo ikanunua wavu. Na mwalimu wa Kiswahili asikae kando akidhani hayamhusu. Awatume wanafunzi kwa wazee wakusanye majina ya wanyama hawa na dalili zao: nyayo, kinyesi, saa za kutembea. Kamusi zetu nyingi hutosheka kusema mnyama fulani ni mdogo na anafanana na paka, na maelezo kama hayo hayamwokoi bata.

Tunaifundisha pia methali ya kuku wa maskini ambaye hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Kila mara huielezea darasani kuwa ni kilio cha mnyonge dhidi ya majaaliwa. Mwaka jana msichana mmoja wa kutoka Subukia aliinua mkono akaniuliza kwa nini kuku huyo hakufungiwa. Darasa lilicheka. Mimi sikuwa na jibu la kiisimu.

Bata wangu sasa ni tisa. Jirani alikuja Jumamosi na futi ya kupimia, akalizunguka banda mara mbili, akaandika vipimo nyuma ya kiganja chake, na kuniuliza duka nililonunulia wavu. Jambo la mbwa hatujalizungumza.